Soma na Aya Inayofuata

Aprili 2023, polisi walipoingia katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, waliwakuta wangali hai baadhi ya waumini wa mhubiri Paul Mackenzie, walioamini kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Walikuwa wamebaki mifupa na ngozi. Wapo waliopewa chakula wakafunga midomo. Miezi miwili baadaye, watu 65 miongoni mwa waliookolewa walipandishwa kizimbani Mombasa kwa shtaka la kujaribu kujiua, kwa kuwa hata kule walikohifadhiwa waliendelea kugoma kula.

Hilo la kugoma limenikaa rohoni kuliko hata makaburi, ingawa makaburi yale yalifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi. Mfikirie mtu huyo. Ametolewa msituni. Mhubiri wake yuko rumande, na hakuna anayemlinda asile. Mbele yake kuna kikombe cha uji na mtu anayemsihi anywe walau kidogo, naye anageuza uso ukutani. Fundisho limeshaingia ndani, sasa linafanya kazi lenyewe, halihitaji tena mhubiri.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaoona jambo lile lilikwisha siku Paul Mackenzie alipokamatwa. Yeye na wenzake walishtakiwa mwanzoni mwa 2024, pamoja na mambo mengine, kwa mauaji ya watoto 191, wakakana mashtaka, na hukumu ya jinai ni kazi ya mahakama. Lakini fundisho halifungwi pingu. Kulijibu ni kazi yetu sisi tunaoliita jina la Kristo, na tusipolijibu hakuna mtu mwingine atakayelijibu kwa niaba yetu. Serikali haiwezi, na hata ikijaribu haitaaminiwa na wale wanaohitaji jibu hilo.

Kinachouma zaidi ni kwamba watu wale hawakuletewa kitabu kigeni. Walikuwa na Biblia ile ile iliyo mezani kwangu. Mackenzie, dereva wa teksi aliyeanzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003, alihubiri dhidi ya shule na hospitali akiwa ameishika Biblia mkononi. Mwaka 2019 aliipinga Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali ya Kenya, kwa kuihusisha na ile namba ya mnyama ya Ufunuo 13. Kila mahali kulikuwa na aya. Aya moja, ikikatwa huku na kukatwa kule, kama kipande cha kitambaa ambacho huwezi tena kujua kimetoka kwenye vazi gani.

Naomba tufungue Matendo ya Mitume sura ya 27. Meli inayompeleka Paulo Roma imepigwa na dhoruba, na siku ya kumi na nne imefika watu hawajala kitu. Wamo 276. Kunapokaribia kucha, Paulo anasimama anawasihi wote wale chakula, na anawaambia kwamba chakula hicho ni kwa ajili ya wokovu wao. Kisha anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele yao wote, anaumega, anaanza kula. Wakachangamka, nao wakala. Mtume huyu alikuwa mtu wa kufunga, yeye mwenyewe anasema hivyo katika barua zake, na bado anawabembeleza watu wenye njaa wapate kula, tena kwa neno hilo hilo la wokovu. Kwenye 1 Timotheo 4 anawataja kwa uwazi walimu watakaowaamuru watu wajiepushe na vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani, na hawasifii.

Na nani aliyeandika habari ya meli ile? Kwa mapokeo ya Kanisa ni Luka, ambaye Paulo anamwita katika Wakolosai "tabibu mpendwa". Watu walikatazwa hospitali kwa kutumia kitabu ambacho sehemu yake imeandikwa na daktari.

Ilitosha mtu mmoja kusimama na kusema, "Mchungaji, samahani, Matendo 27 tuielewe vipi?" Nasema ilitosha, ila najua haikuwa rahisi, na nitaeleza kwa nini. Kwanza nirudi nyumbani.

Sisi wa Dar es Salaam hatujafika Shakahola, na wengi tunajituliza kwa hilo. Lakini barabara ni ile ile, wao walikwenda mbali zaidi. Mwaka juzi jirani yetu mmoja, mama anayeishi kwa kazi ya ushonaji, alikuja kwangu jioni akiwa amekunja bahasha mkononi. Ilikuwa bahasha ya sadaka, imechapwa juu yake Yeremia 29:11. Unaijua: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Utaikuta kwenye vioo vya daladala na kwenye kadi za harusi, na ni neno zuri mno.

Mama yule alikuwa ameambiwa apande mbegu inayomuuma, yaani atoe sadaka kubwa, na ndani ya wiki saba mlango utafunguka. Aliuza cherehani yake. Wiki saba zikapita, na nyingine saba. Aliporudi kuuliza akaambiwa kuna laana ya ukoo imeziba, inahitaji mbegu nyingine ya kuivunja. "Kaka," akaniambia, "wewe unasoma. Nionyeshe nilipokosea. Labda kuna mahali sikuamini."

Angalia swali lake. Hakuuliza walipokosea wao, aliuliza alipokosea yeye. Fundisho la namna hii likishindwa, aibu yote inamwangukia aliyetoa, na aliyepokea anabaki safi. Mganga wa kienyeji angalau asipokuponya unasema dawa yake haifai.

Sikuwa na la kumwambia kwa haraka. Tukasoma. Tulianza na aya iliyo juu kidogo ya ile ya bahasha, aya ya 10, ambako Mungu anasema ahadi hiyo ni baada ya Babeli kutimiziwa miaka sabini. Sabini! Barua hii imeandikwa kwa watu waliotekwa wakapelekwa uhamishoni, na wengi wao watafia huko huko. Ndiyo maana kwenye aya ya 5 wanaambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, na kwenye aya ya 7 wautakie amani mji ule waliohamishiwa na kuuombea. Kupanda kunakotajwa katika sura hii ni kupanda bustani, kwa jembe, ili mtu ale. Tumaini la Yeremia lina mikono. Linawaambia watu walioumizwa waoe, waozeshe, walime na wasubiri, kwa kuwa Mungu hajawasahau hata kama hawatauona mwisho kwa macho yao.

Kisha tukarudi nyuma sura moja. Huko yupo Hanania, nabii, amesimama katika nyumba ya Bwana mbele ya makuhani na watu wote. Yeye anatangaza miaka miwili tu: nira ya Babeli imevunjwa, vyombo vya hekalu vinarudi, mateka wanarudi. Anaichukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia na kuivunja mbele ya mkutano. Naona jinsi watu walivyoshangilia. Ni ishara ya kuonekana, ni habari njema, na ina tarehe. Hanania alikufa mwaka ule ule, na uhamisho ukaendelea.

Mama akaweka kidole kwenye mstari. "Kumbe hata huyu Hanania anasema 'Bwana asema hivi'?"

Ndiyo, anasema. Maneno yale yale anayotumia Yeremia. Sikumfundisha hilo, aliliona mwenyewe kwa kidole chake, na nadhani jioni ile ndiyo ilinifungulia macho mimi zaidi yake. Miaka mingi nilikuwa nikidhani kuitetea imani ni kujua hoja nyingi za kumshinda mtu. Mwanamke huyu hakuhitaji hoja hata moja ya kwangu. Alihitaji mtu wa kukaa naye asome ukurasa mzima.

Bahasha ile iliandikiwa ahadi ya Yeremia, ila iliuzwa kwa tarehe ya Hanania. Sijapata njia nyepesi zaidi ya kueleza injili ya mafanikio inavyofanya kazi. Inachukua maneno ya nabii wa kweli na kuyatia ndani ratiba ya nabii wa uongo. Inaongeza na bei, na hapo inaungana na Simoni wa Samaria katika Matendo 8, aliyewapelekea mitume fedha ili apate uwezo wa Roho Mtakatifu. Petro hakumpa bahasha. Alimwambia fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye, kwa kuwa amedhani karama ya Mungu yapatikana kwa mali.

Gharama ya mambo haya tunaifahamu hapa hapa Tanzania. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi, katika uwanja wa Majengo, kwa kukanyagana wakati umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Walikuwa wamekwenda ibadani. Siwalaumu hata chembe. Mtu aliyezunguka hospitali hadi akiba imekwisha, au mwenye mtoto aliyemaliza chuo na miaka minne hana kazi, akisikia kuna mahali Mungu anajibu leo, atakwenda. Mimi pia ningekwenda. Anayewacheka watu hawa hajawahi kukaa usiku kucha na mgonjwa asiye na bima.

Sasa nirudi kwenye lile la kutouliza. Ukijaribu kuuliza katika makanisa ya aina hii utakutana na aya nyingine iliyokatwa, na hii ndiyo uzio wa zote: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Zaburi 105:15. Nimeisikia ikitumika kumnyamazisha mhasibu wa kanisa aliyeomba kuona hesabu. Nimeisikia ikitumika kwa binti aliyelalamika kuguswa vibaya. Kinachofuata huwa ni vitisho: aliyemsema mtumishi akapata ajali, mwingine mimba ikatoka, na wote wanaitikia amina kwa hofu.

Soma aya zilizotangulia. Zaburi inazungumza juu ya Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa bila ardhi yao. Mungu hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao. Masihi wa aya hiyo ni wakimbizi, na wanaokemewa ni wenye jeshi na kiti cha enzi. Neno lililotolewa kumkinga mnyonge dhidi ya mkubwa limegeuzwa kuwa ngome ya mkubwa dhidi ya mnyonge. Kwangu huu ndio upotoshaji mbaya kuliko wote, kwa kuwa mingine yote inajificha nyuma yake. Ondoa uzio huu, na mengi yataanguka kwa swali la kwanza tu.

Maana Agano Jipya limejaa watu wanaowauliza watumishi wa Mungu. Watu wa Beroya, Matendo 17, walimsikia Paulo mwenyewe, na bado kila siku walirudi kwenye maandiko kuchunguza kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Luka anawaita waungwana kwa hilo. Paulo naye anawaandikia Wagalatia kwamba Kefa, yaani Petro, alipokuja Antiokia alishindana naye uso kwa uso, tena mbele ya wote, kwa kuwa Petro alikuwa amejitenga na meza ya watu wa Mataifa. Huyo ni Petro. Hakuna aliyekufa kwa kumgusa masihi wa Bwana, na Kanisa halikubomoka.

Wapo wanaotaka serikali ifanye kazi hii. Baada ya Shakahola, Kenya iliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kupitia sheria za kusimamia taasisi za dini. Rwanda ilikwisha kutunga sheria mwaka 2018 inayowadai viongozi wa makanisa shahada ya teolojia, na makanisa kwa maelfu yamefungwa. Naelewa sababu zao. Mahali watoto wanapokufa, serikali isiyofanya kitu ina hatia. Ukaguzi wa fedha, usalama wa majengo na ulinzi wa watoto ni haki yake kabisa. Ila cheti hakijawahi kumzuia mtu kupotosha. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu magharibi mwa Uganda, mamia ya watu wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, baada ya mwisho wa dunia uliotabiriwa kutotokea. Mmoja wa viongozi wao, Dominic Kataribabo, alikuwa padri msomi aliyewahi kusoma hata Marekani. Ario wa Aleksandria, mwalimu wa uongo wa karne ya nne, naye alikuwa kasisi mwenye elimu na sifa njema.

Kwa kuwa nimemtaja Ario, kuna jambo moja kuhusu yeye ambalo wahubiri wetu wangelifikiria sana. Mwaka 2025 ilitimia miaka 1,700 tangu Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, ulipokataa fundisho lake kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwepo. Tunakumbuka mabishano ya maaskofu. Tunasahau kwamba fundisho lile lilienea kwa nyimbo. Ario alitunga mashairi, na wanahistoria wa kale wanaeleza kuwa alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri. Uongo uliimbwa bandarini kabla haujafika mezani kwa maaskofu. Athanasio, Mwafrika wa Misri aliyempinga, alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano, na karibu maisha yake yote ya uaskofu yalikwenda katika kueleza neno moja kwa subira, barua baada ya barua, kwa watu wa kawaida na watawa wa jangwani.

Leo nyimbo hizo zimo kwenye simu. Kijana wa bodaboda anasikiliza mahubiri saa sita kwa siku akisubiri abiria, na katika saa hizo sita kanisa langu halimo hata dakika moja. Hapa lazima tuseme ukweli juu ya sisi wenyewe wa makanisa ya zamani. Tunawakaririsha watoto wa kipaimara Imani ya Nisea neno kwa neno, "Mungu kweli kwa Mungu kweli", halafu hakuna anayewaambia nani alikataa na kwa nini watu walifukuzwa makwao kwa ajili ya maneno hayo. Wanapata cheti, wanapigwa picha, hatuwaoni tena mpaka harusi. Harambee ya ukuta wa kanisa tunaipangia Jumapili nne. Darasa la Biblia la watu wazima linafutwa mvua ikinyesha. Tumekuwa hodari wa mihadhara ya kujibizana na Waislamu viwanjani huku paa la nyumba yetu linavuja. Na mtu wetu akienda kwa mtume wa mtaa wa pili tunasema amepotea, wakati alitupitia sisi kwanza na maswali yake, hakumpata wa kukaa naye.

Waraka wa Yuda ndio unaonukuliwa sana katika jambo hili: "mwishindanie imani waliyokabidhiwa watakatifu mara moja tu." Aya ya 3. Waraka huo una sura moja, aya 25 kwa jumla, mtu anaumaliza kabla chai haijapoa. Ukifika aya ya 22 utakuta Yuda, yule yule aliyewaita walimu wa uongo mawingu yasiyo na maji, anaagiza wale walio na shaka wahurumiwe. Ukali wake wote ni kwa mwalimu. Kwa aliyedanganywa ana huruma. Sisi tumegeuza: mwalimu tunamwogopa, muumini ndiye tunayemsimanga.

Mama yule hana cherehani yake tena. Anashonea kwenye mashine ya kukodi, barazani kwa mtu. Jumatano jioni anakuja kwenye jumuiya yetu, ambako tumeamua kusoma kitabu kizima kizima, bila kuruka, hata kama tutachukua mwaka. Tuko tisa tu, kumi na moja mvua isiponyesha. Wiki ile tuliyofika Yeremia 28, kijana mmoja wa bodaboda aliona kitu ambacho mimi nilikuwa nimekipita mara zote. Hanania alipomaliza unabii wake wa miaka miwili, neno la kwanza la Yeremia kumjibu ni "Amina, Bwana na atende hivi."

"Sasa mzee," akaniuliza, "nabii wa kweli anamwitikiaje amina wa uongo?"

Nikaanza kusema kitu kuhusu Kiebrania, nikaona hakifiki. Mzee mmoja akasema ilikuwa kejeli. Mwingine akasema hapana. Tukabishana mpaka saa tatu usiku, watoto wameshalala mapajani. Mama alikuwa kimya muda wote, amefungua Biblia yake magotini.

"Mimi naona alikuwa anatamani iwe kweli," akasema. "Hata mimi nilitamani sana."